Ufunguo wa Tatu

Meza yangu ni ubao juu ya kreti mbili za soda,
Kongowea, upande wa wauza vitunguu.
Nina tupa nne, jiliwa, mashine ya kukatia,
na funguo tupu zaning'inia kwenye waya,
hazijaambiwa bado zitafungua nini.

Mwatela, dereva wa nyumba moja ya Nyali,
alileta ufunguo mnene wenye meno sita.
"Fundi Ngowa, toa nakala mbili. Nitapitia baada ya chakula."
Nikatoa mbili.
Mkono ukatoa ya tatu.

Nasema mkono. Ndivyo nilivyojitetea mwanzoni:
mkono, mashine, mazoea.
Ila mkono hautamani kitu.
Jicho ndilo, siku nilipoitwa kutengeneza kitasa cha stoo,
lilipanda ngazi peke yake,
likaona feni isiyopiga kelele,
zulia linalomeza nyayo,
na saa ya dhahabu imelazwa karibu na sabuni
kama kitu kisicho na mwenyewe.
Jicho likarudi Kisauni, likauhadithia moyo.
Moyo haukusema ndiyo.
Ulivuta kiti tu, ukasema: kaa, eleza tena.

Siku tisa.
Sikuiba hata sindano,
na hilo nalo nililigeuza kuwa sifa.
Jumapili kengele ya Kengeleni ikalia,
nikaimba sauti ya nne katika shati jeupe,
ufunguo kwenye mfuko wa kifuani.
Wimbo wa kuingia, ulikuwa baridi.
Kufikia mahubiri ulikuwa umeshika joto langu,
sikuuhisi tena.
Hapo ndipo ningeogopa, kama ningekuwa macho.

Jumatatu Mbeyu alifua.
Jasho na hewa ya chumvi havikisamehe chuma cha bei rahisi.
"Baba Tunu, doa hili la nini?
Nimelisugua kwa ndimu, halisikii."
Kutu, umbo kamili, meno sita,
upande wa kushoto.
Nikasema, msumari.
Akalianika shati bila neno,
likapepea uani mchana kutwa, kila apitaye akilisoma.

Watu hudhani tamaa ni ufunguo malaya,
ule uingiao kila mlango.
Sivyo. Miaka ishirini na mbili nachonga, najua:
kitasa hakishindwi na nguvu,
hushindwa na kinachofanana nacho, jino kwa jino.
Wangu ulichongwa kwa kipimo changu:
karo ya Tunu, jino moja;
paa la mama kule Rabai, jino la pili;
na mengine manne
nisiyoweza kuyataja mbele ya mke wangu.

Basi, Bwana, sikuombi kufuli kubwa zaidi.
Nimeziuza, najua thamani yake.
Na moyo uliofungwa kabisa huoza
kama kitunguu katika gunia la plastiki.
Nifungue Wewe, unitie juu ya jiliwa lako,
ubadilishe meno ya ndani,
hata ufunguo ule ukija tena, na utakuja,
uingie, uzunguke,
usikamate kitu.

Mwatela alipopita tena nikamwita.
"Nilikata tatu."
Akanitazama, akautazama ufunguo wenye kutu,
akautia mfukoni polepole kama mtu anayeficha jeraha la mwenzake.
Kabla ya wiki kwisha walibadilisha vitasa vyote.
Walimwita fundi mwingine, wa Mwembe Tayari.
Haki yao.

Shati bado nalivaa.
Mbeyu alitaka kulifanya tambara, nikakataa,
na siku hiyo nikamwambia habari ya msumari.
Wakati wa sala mkono huu huu
hupanda wenyewe mpaka kwenye doa, ukaligusa,
kama bawabu anayejaribu mlango usiku wa manane,
ingawa anajua alishaufunga.